MWENYE SURA NDIYE MWENYE PICHA



Hapa Ruanda, wilaya ya Mbozi, kila mkulima aijua safari ya kahawa yake. Yatoka shambani, yatiwa katika magunia, yavuka bahari; ikionekana tena imo ndani ya kopo, ina jina la mtu mwingine na bei ya mtu mwingine. Leo nataka kusema juu ya zao jingine linalochumwa kwetu kwa namna hiyo hiyo, nalo ni sura za watu wetu.

Ziko picha zinazotafutwa sana ulimwenguni: picha za kuonyesha kila kabila lahesabu nani kuwa mwanamke na nani mwanamume, nani amwoa nani, na nani ampenda nani. Wenye kuzipiga husema wanaweka kumbukumbu na kueneza elimu. Mimi nimesomea ualimu, siwezi kuipiga vita elimu. Ninachokipiga vita ni elimu ambayo mwenye sura hana sauti ndani yake.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi, Masasi na Newala. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya sinema. Aliingia hata katika sherehe za unyago, mahali ambapo mwanamke humfunza mwanamke, wala mwanamume mgeni hana nafasi. Mwaka 1908 akatoa kitabu chenye picha. Sasa kumbukeni mwaka 1906 ulikuwa mwaka gani. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, vilikuwa havijaisha. Serikali ya Wajerumani ilikuwa ikichoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu kwa maelfu. Je, mama wa Kiyao au wa Kimakua angeweza kumwambia mzungu mwenye askari, “Hapana bwana, usinipige picha”? Ridhaa ya aliyeshikwa koo si ridhaa.

Haya, tuje karibu. Huko Mara, kwa Wakurya, iko ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mwanamke kijana. Kijana huyo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama, warithi wa boma na mifugo yake. Waandishi wa ng'ambo wamefika na kamera. Jarida la Marie Claire liliwaandika wanawake hao mwaka 2016. Sina ugomvi na makala moja. Neno langu ni hili: msomaji wa mbali akiona wanawake wawili katika picha na neno “ndoa” chini yake, swali lake la kwanza ni la kitandani. Swali la wenyewe ni la ng'ombe, shamba, mrithi, na usalama wa mwanamke katika nyumba yake. Picha peke yake haiwezi kulijibu swali hilo. Mwenye sura apewe nafasi aseme, na asemalo liandikwe.

Wako watakaoruka wakisema, “Basi kamera tuzishike sisi wenyewe, yatakwisha!” La, ndugu zangu, tusidanganyane. Mwaka 2010 mjini Kampala gazeti liitwalo Rolling Stone, gazeti la Waafrika, si la mzungu, lilitoa picha na majina ya watu lililodai kuwa ni mashoga, na likaandika wanyongwe. Watatu wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Uganda ikaamua kwamba gazeti limevunja haki yao ya utu na faragha. Mmoja wa watatu hao, David Kato, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 1911? La! Si zama za ukoloni hizo. Ni 2011, miaka mingi baada ya bendera kupandishwa. Mwuaji alifungwa miaka 30 kwa kosa lake mwenyewe. Lakini gazeti nalo lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba sura ya mtu yule ni halali ya kila mwenye hasira.

Najua wako kati yetu wasemao, “Watu wa namna hiyo si wa kutetewa.” Nawajibu: ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa juu ya udugu wa binadamu wote. Haikusema tuulize kwanza mtu analala na nani ndipo awe ndugu. Utu haugawiwi kwa kibaba.

Njia njema ipo. Huko Afrika Kusini, Zanele Muholi alianza mwaka 2006 kupiga picha za Waafrika wenzake, wanawake wapendao wanawake, na watu waishio kama wanaume ingawa walizaliwa wakiitwa wasichana. Muholi ni mmoja wao. Huwaita washiriki, na wengine amerudi kuwapiga picha tena miaka ilipopita. Watazamwao wanamtazama anayewatazama.

Na kwetu? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 humpa haki mtunzi wa kazi, yaani mpiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inatambua ridhaa ya mtu juu ya habari zake. Lakini sheria iliyolala kabatini haimlindi mama wa kijijini.

Kwa hiyo kila tawi liwafunze watu kumwuliza mwenye kamera, awe mgeni au mwenyeji: Picha hii yaenda wapi? Chini yake utaandika nini? Nani atalipwa? Na kesho nikikataa, utaiondoa? Asiyeweza kujibu afunge mkoba wake aende zake.

Ardhi yetu ilichukuliwa kwa karatasi tusiyoisoma. Sura zetu zisichukuliwe kwa tabasamu.