Mwanetu Akiwa Peke Yake Ugenini

 

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa hapa Malindi, ameshika bahasha. Binti yake amepata ufadhili wa serikali ya Japani kwenda kusoma katika mji wa Kobe, kwa muda usiopungua miaka miwili. Baba ameridhia, na mjomba atamsindikiza mpaka mlangoni pa bweni kisha arudi. Bibi yake amekataa katakata. Asema mtoto wa kike haachwi mwisho wa dunia. "Sheikh," akaniuliza, "nimwache aende, au nitakuwa nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe?"

Suala la safari ya mwanamke wanazuoni wetu wamelizungumza kwa urefu, na familia hii imekwisha kulipeleka kwa Kadhi, sitalirudia hapa. Lililonishughulisha mimi ni la baada ya mjomba kupanda ndege kurudi. Binti atakaa vipi peke yake?

Sikumjibu siku ile. Mimi sijafika Japani. Niijuayo ni yale maandishi nisiyoweza kuyasoma yaliyobandikwa ndani ya magari ya abiria tunayopanda kwenda Kilifi. Basi nikamtafuta binti mwingine, wa Kilifi, aliyekaa huko miaka mitatu na kurejea salama. Niliketi naye mbele ya mamake, nikamsikiliza.

Alianza na mazuri, na insafu yataka tuyataje. Huko viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu. Wali na samaki ndio chakula chao cha asili. Vyoo vingi vina bomba la kutoa maji, hivyo kustanji ni kwepesi. Ndani ya treni watu huzungumza kwa sauti ya chini na ni aibu kupiga simu. Na katika miji mikubwa, saa za msongamano, kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Watoto wa skuli hufagia madarasa yao wenyewe, kama sisi tulivyofagia chuo kwa zamu kabla ya kushika juzuu. Siku moja alisahau mkoba wake kwenye treni. Kesho yake aliupata kituoni, na pesa zote zimo.

Nilipomsikia nilimkumbuka Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, na mwaka 1331 akafika pwani yetu. Alipopita Mombasa, aliandika kwamba watu wake hawaingii msikitini ila wameosha miguu kwa maji ya kisima cha mlangoni na kuifuta kwenye jamvi zito. Mgeni aliona jema kwetu, akalishuhudia. Basi mwana wetu naye akiona jema kwa watu wasio wa dini yake, na alishuhudie. Kusema kweli juu ya wema wa watu hakupunguzi imani.

Kisha binti akaja kwenye mazito. Mchuzi wao wa soya mara nyingi huwa na alkoholi. Mirin, mvinyo mtamu wa mchele, hutiwa hata kwenye samaki. Na mkate huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Maneno hayo alijifunza kuyasoma kabla ya kujua kuamkua vizuri. Mabafu ya umma huwatenga wanawake na wanaume, lakini watu huingia uchi wa mnyama, naye akajiepusha nayo. Sisi hapa twaelekea kaskazini tukiswali, na nyakati hazibadiliki sana mwaka mzima. Kule kibla ni magharibi kuelekea kaskazini. Mwezi wa Juni Alfajiri huingia karibu na saa tisa usiku, na Disemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Lakini hayo yote, alisema, siyo yaliyomliza. Kilichomliza ni ukimya. Watu ni wapole, wanainama kwa heshima, ila hakuna akuulizaye umeamkaje. Idi yake ya kwanza iliangukia siku ya masomo. Aliswali chumbani, akavaa nguo mpya, akala peke yake, akaenda darasani. Hapakuwa na mtu aliyejua. Baada ya hapo ndipo nafsi ilipoanza kumwambia: nani anakuona? Acha Alfajiri hii moja. Kula tu, mamako hatajua. Alfajiri aliziacha, wala si moja. Alilisema hilo mbele ya mamake, na mama akainamisha kichwa.

Aliyemrudisha, baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu, ni jamaa. Kobe kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, ukasalimika na mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko kubwa la mwaka 1995. Aliufikia siku ya Ijumaa, akakuta wanawake wa Indonesia. Wakamkalisha, wakamwekea sahani, wakamuuliza jina la mamake. Tangu siku hiyo hakuikosa Ijumaa ila kwa mtihani au ugonjwa.

Ndugu zangu, tujiulize kwa ukweli. Wangapi katika watoto wetu huswali kwa kuwa adhana imewazunguka na shangazi yuko dirishani? Ihsani ni kumwabudu Mola kwa kujua kwamba Yeye anakuona, hata pasipo shangazi wala dirisha. Mwana asiyefundishwa hilo hapa Malindi hatajifunza kwa urahisi Kobe, wala Nairobi, wala Doha. Atokaye hivyo hupimwa popote, awe wa kike au wa kiume.

Kwa mama yule nilisema matatu. Kwanza, kuanzia sasa mwache binti aamke Alfajiri mwenyewe, bila kugongewa mlango, upate kujua ana nini kabla hajaondoka. Pili, msikiti wa karibu na jamaa zake watafutwe mapema, kabla ya kununua sanduku, na mkizungumza kwa simu usiishie kwa "umekula?", muulize pia leo amekaa na nani. Kumbuka saa mbili ya usiku wetu ni saa nane ya usiku wao. Tatu, na hili ndilo zito: akikwambia ameteleza, usimpigie kelele. Binti wa Kilifi alimficha mamake mwaka mzima kwa kuogopa ukali wake, na katika mwaka huo hapakuwa na wa kumshika mkono.

Mama hajaamua bado, na bibi bado amekataa. Uamuzi ni wao. Tumwombe Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu walio karibu na walio mbali, na atupe sisi wazazi vifua vya kuwapokea wakirudi.

Wabillahi tawfiq.