Kidonda cha Kinywani Kihesabiwe Siku

Kinywa ni mlango wa chakula, na mlango ukiharibika nyumba nzima hupata taabu. Mwenye kidonda ulimini hula kwa shida na kusema kwa shida, naye mtoto mchanga hukataa ziwa la mamaye. Lakini kwa kuwa kidonda hicho jirani hakioni, watu wengi hukinyamazia mpaka kimekuwa kikubwa.

Vidonda vingi vya kinywani havina hatari. Mtu akijiuma shavu, au akikwaruzwa na jino lililovunjika, hupata kidonda kidogo ambacho hupona chenyewe. Chai ya moto nayo huleta malengelenge. Eldoret iko juu ya bahari yapata meta 2,100, na huko maji huchemka kwa digrii 93 hivi. Joto hilo latosha sana kuunguza ulimi. Tena madhara hayaishii ulimini. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto lizidilo digrii 65 yaelekea huleta saratani ya umio, nao ugonjwa huo umewapata watu wengi magharibi mwa Kenya. Basi chai na ipoe kidogo kabla ya kunywewa.

Sababu ya pili ni chakula. Mwili ukipungukiwa vitamini za namna ya B, au madini ya chuma, pembe za mdomo hupasuka na ulimi huwa mwekundu wenye kuuma. Mkulima wa Uasin Gishu auzaye maziwa yote na mayai yote, akawaachia watoto wake ugali mtupu, hupata fedha leo na kuzitoa kesho kwa matibabu.

Sababu ya tatu ni vijidudu. Utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga huletwa na kuvu, na hutibika upesi. Lakini mtu mzima akiupata bila sababu ijulikanayo, yafaa apimwe kisukari na virusi vya UKIMWI, kwa maana huenda nguvu za mwili zimepungua. Kadhalika mtoto aweza kutokwa na malengelenge kinywani, viganjani na nyayoni. Mfugaji asidhani kwamba mtoto ameambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Magonjwa hayo ni mawili mbalimbali, na virusi vyake si vya namna moja.

Kwa kidonda kidogo, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya vuguvugu yatosha kusukutulia. Pilipili na tumbako ziachwe.

Lakini yako mambo mawili yasiyongoja. Mtu aliyeanza kutumia dawa, hasa zile za salfa, akaona malengelenge kinywani pamoja na macho mekundu au ngozi kuchubuka, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kidonda chochote kisichopona kwa muda wa wiki 2, hata kama hakiumi, kionyeshwe kwa mganga, hasa kwa mvuta sigara na mnywaji wa pombe, maana saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu. Ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Kuhesabu siku 14 hakumgharimu mtu hata senti moja; kutohesabu kwaweza kumgharimu maisha.