Moshi Haulipiwi: Sigara Katika Hoteli na Baa, na Haki ya Mhudumu

Wahenga walinena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Mvua ninayoizungumzia hapa ilininyea mimi mwenyewe, na kwa hivyo naomba msomaji aniwie radhi nikianza kwa kisa kabla ya kuingia katika mjadala. Nilipokuwa nikingoja kujiunga na chuo kikuu, nilihudumu kwa miezi minne katika hoteli moja mtaani Kipsongo, mjini Kitale. Neno hoteli lisimpotoshe msomaji. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza tatu, mabenchi sita, mlango mmoja, na dirisha lililozibwa kwa gunia ili vumbi lisiingie. Mwenye hoteli alipika chai na mandazi asubuhi, ugali kwa sukuma wiki mchana, na mwanawe wa mwaka mmoja alishinda mgongoni pake au juu ya gunia la unga pembeni.

Kila jioni waliingia wapakizi wa mahindi na wasukuma mikokoteni, nao aghalabu waliwasha sigara kabla hata chai haijafika mezani. Siku moja mtoto alikohoa mfululizo, nami nikamsogelea mteja mmoja wa makamo nikamwambia, "Mzee wangu, tafadhali vutia nje, mtoto anakohoa." Aliniangalia kwa upole, kisha akanijibu, "Kijana, chai nimeilipia. Moshi haulipiwi." Wenzake wakaangua kicheko. Mwenye hoteli hakucheka wala hakumkemea. Usiku, tulipokuwa tukisugua sufuria, aliniambia, "Nikimfukuza mmoja, kesho watano wako kwa jirani. Wewe utakwenda chuoni. Mimi nitabaki na mabenchi."

Kauli hizo mbili, ya mteja na ya mwenye hoteli, zimebeba takriban mjadala mzima kuhusu kupigwa marufuku kwa sigara katika hoteli na baa. Ya kwanza ni hoja ya uhuru wa mtu binafsi. Ya pili ni hoja ya biashara. Nia yangu katika makala haya ni kuzipima hoja hizo, na kisha kuonyesha kwamba sheria tuliyo nayo, ijapokuwa ni njema, haijafika Kipsongo.

Kwanza, tuitazame sheria yenyewe. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku mnamo mwaka 2004. Mwaka 2006, Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kuzuia uvutaji katika maeneo ya umma, lakini kampuni za sigara zilikwenda mahakamani na kanuni hizo zikasimamishwa. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Sheria hiyo inakataza uvutaji katika maeneo ya umma, zikiwemo hoteli na baa, na anayeikiuka aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Hata baada ya hapo mvutano haukukoma. Kanuni za utekelezaji zilizotolewa mwaka 2014 zilipingwa kutoka mahakama moja hadi nyingine, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa ya kampuni ya BAT mwaka 2019. Kwa hivyo anayedhani kuwa jambo hili ni dogo na ajiulize kwa nini limepiganiwa kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Sasa tuirejelee hoja ya uhuru. Wanaoitetea husema kwamba mtu mzima ana haki ya kuutumia mwili wake apendavyo, na kwamba asiyependa moshi ana hiari ya kwenda kwingine. Sina ugomvi na sehemu ya kwanza ya hoja hiyo. Anayevuta sigara akiwa peke yake anajidhuru mwenyewe, na huenda hilo ni lake na nafsi yake. Tatizo ni kwamba moshi haukai kwa mwenyewe. Wataalamu wa afya wametambua katika moshi wa tumbaku zaidi ya kemikali 7,000, zikiwemo zipatazo 70 zinazosababisha saratani. Aidha, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa kuvuta hewa iliyochafuliwa na wavutaji. Yule mzee alisema moshi haulipiwi. Kwa hakika hulipiwa, ila anayelipa siye anayevuta.

Kuhusu hiari ya kwenda kwingine, hebu tujiulize ni nani hasa mwenye hiari hiyo. Mteja anaweza kuinuka na kuondoka. Mhudumu hawezi, kwa kuwa mahali hapo ndipo palipo riziki yake. Mteja hukaa nusu saa. Mhudumu hukaa kutwa. Mtoto wa mwenye hoteli ndiye asiye na hiari kabisa, maana hata lugha ya kulalamikia hana isipokuwa kikohozi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Haibagui kati ya anayenunua chai na anayeiandaa.

Hoja ya biashara ndiyo nzito zaidi, na sharti tuijibu kwa heshima, kwa sababu inatoka kwa mtu mwenye njaa. Mwenye hoteli wangu hakuwa akiipenda sigara, aliogopa jirani. Iwapo yeye peke yake atakataza, wateja watahamia upande wa pili wa barabara, naye atakuwa amejinyima kwa kutenda wema. Lakini hapo hapo ndipo penye jibu. Katazo la mtu mmoja humfilisi. Katazo linalowahusu wote halimfilisi yeyote, kwa sababu mvutaji hana pa kuhamia. Kwa maneno mengine, sheria inayotekelezwa kila mahali humkinga mwenye hoteli maskini dhidi ya ushindani wa jirani yake, na humpa jambo la kumwambia mteja bila kumkosea adabu: "Mzee wangu, si mimi, ni sheria." Majirani zetu wa Uganda, ambao mpaka wao hauko mbali na Kitale, walipitisha sheria mwaka 2015 inayokataza uvutaji ndani ya maeneo yote ya umma na hata umbali wa mita 50 kutoka maeneo hayo.

Ipo pia hoja ya mkulima. Upande wa Bungoma, hususan Malakisi na vitongoji vyake, ziko familia zilizowasomesha watoto kwa tumbaku, na ni dhahiri kuwa hawatafurahia kusikia sigara ikilaaniwa. Hata hivyo, sheria ya hotelini haimwamuru yeyote kung'oa zao lake. Inamwamuru mvutaji atoke nje. Isitoshe, wakulima hao wanajua vyema gharama ya zao hilo: kuni nyingi za kukaushia majani, na kazi inayoishirikisha jamaa nzima. Katika kaunti ya Migori, mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa yakiwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe. Msaada wa namna hiyo ndio unaomfaa mkulima, wala haumfai kitu moshi unaofukizwa kwenye uso wa mhudumu.

Wengine huuliza kwa kejeli: kwani moshi wa jiko la kuni si mbaya vilevile? Naam, ni mbaya, na unastahili kupigwa vita. Lakini moshi wa jiko angalau huacha ugali mezani. Ubaya mmoja haujawahi kuuhalalisha mwingine.

Hoja inayonitatiza mimi binafsi ni ya askari. Wakazi wengi wa mitaa ya mabanda wanaichukulia kila sheria mpya kama mlango mpya wa hongo, na si rahisi kuwalaumu. Sheria iliruhusu kutengwa kwa sehemu maalumu za wavutaji, zenye kuta zake na njia ya kupitishia hewa. Hoteli kubwa za mjini zinaweza kujenga sehemu hizo. Je, chumba kimoja cha mabati kitazijenga wapi? Basi tajiri hujenga chumba na kuendelea na biashara, ilhali maskini hungoja kukamatwa. Kwa maoni yangu, Kipsongo haihitaji msako wa usiku. Inahitaji mambo mawili yasiyo na gharama kubwa.

La kwanza ni kukomesha uuzaji wa sigara moja moja. Sheria ya 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya vijiti 10. Licha ya hayo, katika vibanda vingi sigara huuzwa mojamoja, huku kiberiti kikiwa kimefungwa kwa uzi kando ya dirisha. Athari zake zinatuhusu hata sisi wanafunzi wa lugha. Sheria hiyo hiyo iliamuru pakiti ziwe na maonyo kwa Kiingereza na Kiswahili. Anayenunua sigara moja haioni pakiti. Onyo lililoandikwa kwa lugha anayoielewa hubaki kwa muuzaji, na mvutaji huondoka na moto peke yake.

La pili ni lugha ya katazo. Kipsongo ni mtaa wa Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo, na wa watu wa jamii nyingine nyingi za eneo hili. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Hata hivyo, katika matembezi yangu mjini nimeona matangazo mengi ya kukataza uvutaji yaliyoandikwa kwa Kiingereza tu, kana kwamba mapafu ya asiyesoma Kiingereza hayamo katika hesabu. Zaidi ya hayo, hatuna bado istilahi iliyozoeleka ya kuutaja moshi anaoupokea asiyevuta. Wengine husema uvutaji wa kulazimishwa, wengine hutumia maelezo marefu. Napendekeza tuuite moshi wa jirani. Istilahi hiyo ni fupi, inaeleweka na mtoto na mzee, na inamkumbusha mvutaji kuwa aliyeketi karibu naye ana haki ya ujirani mwema.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa chama chetu na wahadhiri wetu. Tumezoea kujadili istilahi katika makongamano, kisha tukaziacha ukumbini. Kibandiko kimoja chenye maneno "Tafadhali vutia nje: humu mna watu wanaofanya kazi", kilichoandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa katika kila hoteli ya mtaa mmoja kwa siku moja, kitafanya kazi ambayo makala kumi haziwezi. Nasisitiza siku moja, ili pasiwe na mwenye hoteli atakayeogopa kutangulia. Nimepita pale hivi karibuni. Mabenchi bado yapo, na mtoto yule sasa anakwenda shule. Jioni huketi pembeni akiandika kazi zake za nyumbani katikati ya moshi wa wateja. Kibandiko cha kwanza naahidi kukipeleka mwenyewe. Anayeweza kukipeleka cha pili kwa jirani na ajitokeze.