Kura sawa, viti tofauti: Fumbo la siasa za Canada

UCHAGUZI mkuu uliofanyika Canada mnamo Aprili 28, 2025 ulitoa matokeo yanayoweza kumtatiza yeyote aliyezoea kuamini kwamba kura ni kura. Vyama viwili vidogo, Bloc Québécois na New Democratic Party (NDP), vilipata takriban kura milioni 1.2 kila kimoja, yaani asilimia sita hivi ya kura zote. Hata hivyo, Bloc ilipeleka wabunge 22 jijini Ottawa ilhali NDP iliambulia saba pekee.

Tofauti hiyo haikutokana na wizi wa kura wala hitilafu katika kuhesabu. Ilitokana na mahali wanakoishi wapigakura. Wafuasi wa Bloc wote wako Quebec, mkoa ambao wengi wa wakazi wake huzungumza Kifaransa, na chama hicho hakisimamishi wagombeaji kwingineko. Wafuasi wa NDP, kwa upande wao, wametawanyika kutoka pwani ya Atlantiki hadi ile ya Pasifiki, wachache hapa na wachache pale.

Sawa na Kenya, Canada ilirithi kutoka kwa Waingereza utaratibu wa kumtangaza mshindi wa eneobunge yule aliyewapiku wenzake, hata kama hakufikisha nusu ya kura. Kura za walioshindwa haziendi popote. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba, lakini katika utaratibu huu haba hizo hujaza kibaba iwapo tu zimemiminwa mahali pamoja.

Matokeo yake ni kwamba chama chenye manung'uniko ya eneo moja hutuzwa, na chenye sera zinazopendwa kidogo kila mahali huadhibiwa. Hali hii imeathiri siasa za taifa hilo kwa zaidi ya miongo mitatu, na ndiyo inayofanya Canada ionekane kugawanyika kuliko ilivyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni uchaguzi wa Oktoba 1993. Chama cha Progressive Conservative, kilichokuwa kikitawala na kikiwa na wabunge zaidi ya 150, kilipata asilimia 16 ya kura lakini kikasalia na viti viwili. Waziri Mkuu Kim Campbell mwenyewe alibwagwa katika eneobunge lake. Bloc, iliyopata kura chache kuliko chama hicho, ilizoa viti 54. Hivyo, chama kilichotaka Quebec ijitenge ndicho kilichokuwa upinzani rasmi katika bunge la nchi kilichonuia kuivunja.

Anguko hilo lilikuwa na chanzo chake. Mnamo 1980, serikali ya Pierre Trudeau ilianzisha mpango wa kitaifa wa kawi ulioipa Ottawa usemi mkubwa juu ya bei na mapato ya mafuta. Wakazi wa Alberta, mkoa wenye utajiri mkubwa wa mafuta, waliona kwamba jasho lao lilikuwa likivunwa kwa manufaa ya Ontario na Quebec, mikoa miwili yenye watu wengi na hivyo viti vingi.

Walipochangia kuingiza mamlakani serikali ya Brian Mulroney mwaka wa 1984, walitarajia nafuu. Lakini mnamo 1986 serikali hiyo iliipa kampuni ya Montreal kandarasi ya kukarabati ndege za kivita aina ya CF-18, ikaiacha kampuni ya Winnipeg. Kwa watu wa magharibi, hilo lilikuwa thibitisho kwamba kubadilisha chama tawala hakutoshi. Mwaka uliofuata, Preston Manning alianzisha chama cha Reform.

Huko Quebec nako, mkataba wa Meech Lake, uliokusudiwa kuutambua mkoa huo katika katiba kama jamii ya kipekee, ulisambaratika mwaka wa 1990. Lucien Bouchard, aliyekuwa waziri wa Mulroney, akajitoa na kuongoza kundi lililozaa Bloc. Chama tawala kikajikuta kimepoteza ngome zake mbili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, Reform iligundua mapema kwamba hasira ya eneo moja hujaza viti lakini haileti mamlaka. Mnamo 1993 ilipata viti 52, ila kimoja tu kutoka Ontario. Ilichukua muongo mzima, kubadilishwa kwa jina kuwa Canadian Alliance, na hatimaye kuungana na masalia ya Progressive Conservative mnamo Desemba 2003, kabla ya Stephen Harper, mbunge kutoka Calgary, kutwaa uwaziri mkuu mwaka wa 2006.

Tangu Harper aliposhindwa mwaka wa 2015, manung'uniko ya magharibi yamerejea, na hesabu ya viti imeyachochea. Katika uchaguzi wa 2019, Conservative iliishinda Liberal kwa zaidi ya kura 200,000 kote nchini, lakini Liberal ikapata viti 157 dhidi ya 121. Wapigakura wa Conservative walikuwa wamerundikana Alberta na Saskatchewan, ambako chama hicho kilishinda kwa pengo kubwa kupita kiasi. Kura za ziada mahali ulikokwisha kushinda hazikuongezei kiti.

Mwaka huo Justin Trudeau aliunda serikali bila mbunge hata mmoja wa chama chake kutoka mikoa hiyo miwili. Aliyekuwa akidai kwamba Ottawa haiisikilizi magharibi hakuhitaji hoja nyingine.

Lakini ramani hiyo huficha mengi. Mnamo 2025, zaidi ya robo ya wapigakura wa Alberta waliiunga mkono Liberal, ila chama hicho kikapata viti viwili kati ya 37. Raia hao wapo, wanalipa kodi na kupiga kura, lakini anayetazama rangi za ramani atadhani mkoa mzima una msimamo mmoja.

Uchaguzi huo pia ulionyesha jinsi vyama vidogo vinavyoumia fahali wawili wanapopigana. Vitisho vya Rais Donald Trump wa Marekani kuhusu ushuru na kuifanya Canada kuwa jimbo la 51 viliwasukuma wengi kumkimbilia Mark Carney wa Liberal. Liberal na Conservative zilipata zaidi ya asilimia 40 ya kura kila moja. NDP, iliyokuwa na wabunge 25 baada ya uchaguzi wa 2021, ilishuka chini ya 12 wanaohitajika ili kutambuliwa rasmi bungeni. Kiongozi wake, Jagmeet Singh, alipoteza kiti na kutangaza kujiuzulu.

Chama cha People's Party kilikuwa kimeonja machungu hayo mapema. Mnamo 2021 kilipata karibu asilimia tano ya kura bila kiti hata kimoja.

Dawa imewahi kutajwa. Trudeau aliahidi mwaka wa 2015 kwamba uchaguzi huo ungekuwa wa mwisho kutumia utaratibu huo, lakini serikali yake ikaitupa ahadi hiyo mnamo Februari 2017. Wananchi wenyewe hawajawa na kauli moja. Katika kura ya maamuzi ya 2018, wakazi wa British Columbia walikataa kuubadilisha katika chaguzi za mkoa wao.

Ukweli ni kwamba chama kinachoshinda hakina haraka ya kubomoa ngazi iliyokipandisha. Siku moja tu baada ya uchaguzi wa 2025, serikali ya Danielle Smith huko Alberta iliwasilisha mswada wa kupunguza idadi ya saini ambazo wananchi wanahitaji ili kuitisha kura ya maamuzi, hatua iliyowapa matumaini wanaotaka mkoa huo ujitenge. Wananchi wanaoona kura zao hazifiki Ottawa huanza kutafuta sanduku jingine la kuzitia.