Chakula kimoja, damu mbili: mtoto SS si mtoto wa ulozi

Siye wachimbaji wa dhahabu na almasi wa upande wa Ubundu tunajua kupima. Jiwe tunalitazama kwenye jua, dhahabu tunaiweka kwenye mizani mbele ya negosia, na akitaka kutuibia tunaona. Lakini damu yetu wenyewe, ile tunayowapa watoto, wengi wetu hatujaipima hata siku moja.

Msimu wa mvua uliopita, mwenzetu mmoja alimkimbiza mtoto wake mpaka Kisangani kwa pikipiki. Mikono na miguu imevimba, macho ya manjano, usiku mzima analia. Kwa miezi mingi walikuwa wamezunguka kwa waombaji na waganga, na shangazi wa mtoto alifukuzwa nyumbani juu watu walisema njo yeye mlozi. Tena mtoto alinyweshwa siro ya feri, chupa juu ya chupa, sababu muuza dawa alisema damu imepungua. Kisangani wakapima: SS.

Wandugu, SS hairogwi. Mtoto anaipata kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu. Mwenye AS ni mzima, anachimba kama wengine, hajui kitu. Lakini AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS. Kila mimba, bahati inaanza upya. Kwa hiyo mwanaume anayemfukuza mke sababu ya mtoto SS, anakimbia damu yake mwenyewe.

Na si jambo la watu wachache. Kinshasa walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000, matokeo yakatoka 2009: karibu 17 kwa 100 walikuwa AS, na 14 kwa 1,000 walikuwa SS. Kwa nini mingi hivi? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba AS inamkinga mtoto na malaria kali. Kwetu, penye mbu, wenye AS waliishi wakazaa. Njo maana damu hii imebaki.

Sasa tuje kwenye sahani. Wengine wanasema: kama ni ya kuzaliwa, chakula kitasaidia nini? Kinasaidia sana. Chembe nyekundu za damu ya mtu wa kawaida zinaishi siku kama 120. Za mwenye SS zinakufa kwa siku 10 mpaka 20. Mwili wake unatengeneza damu mpya bila kupumzika, na kazi hiyo inahitaji folati, ile iliyo ndani ya majani mabichi, maharagi na karanga. Lakini kule karieri tunakula nini? Fufu na chumvi, biskuti, siku ya makuta tunakula nyama na lotoko. Kwa mtoto wa kawaida chakula hicho ni kibaya. Kwa mtoto SS ni kibaya zaidi.

Folati inaogopa moto mrefu. Sombe lazima iive vizuri, juu ikiwa mbichi ina sumu, basi tusiitegemee peke yake: tuongeze lengalenga ya kupikwa kidogo, maharagi na karanga. Tena maji, mengi na safi, sababu mwili ukikauka maumivu yanaamka. Baridi pia inayaamsha. Mtoto SS asisimamishwe kwenye mto kuosha mchanga. Hakuna mtoto anayepaswa kuwa pale, lakini yeye kabisa.

Na feri? Inamsaidia mtoto aliyekosa feri. Lakini mtoto SS aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nayo nyingi kupita kiasi, na feri ya kuzidi inaharibu ini na moyo. Dawa ileile inamjenga mmoja na kumbomoa mwingine. Tusinunue kabla ya kupima.

Hatusemi lengalenga inafuta SS. Anayekuuzia majani ya kuifuta anakula makuta yako. Kuko dawa inayoitwa idroksiurea: ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na mwaka 2019 walitangaza kwamba maumivu, malaria na vifo vilipungua. Daktari njo anaiandika na kuifuata.

Kwa hiyo siye wa sendika tunaomba mambo manne. Kila shimo, kabla ya kugawana, litoe sehemu ndogo kwa kupima familia za wachimbaji. Mapedeje na kooperative walete maji safi kambini, na waache kiwanja cha bustani. Mashimo yaliyoachwa yafukiwe, juu maji yanayolala mle yanazaa mbu, na malaria inamuua haraka mtoto SS. Serikali nayo ifikishe kipimo kwenye vituo vya afya vilivyo karibu na karieri. Leo kuko vipimo vya tone moja la damu, vinajibu kwa dakika chache. Hakuna sababu ya mzazi kusafiri kilomita zaidi ya mia moja ili ajue jina la ugonjwa wa mtoto wake.

Vijana wanaotaka kuoana wasingoje hayo yote. Mkifika Kisangani kuuza, pimeni wote wawili. Na yule shangazi aliyefukuzwa bado analala kwa jirani. Tunaomba familia iende kumchukua.