Joto Si Ugonjwa: Tusiiamini Kamera Kupita Kiasi

Huenda unakikumbuka kile kifaa kilichoelekezwa kwenye paji la uso wako langoni mwa shule mnamo Oktoba 2020, masomo yaliporejea baada ya likizo ndefu ya korona. Asubuhi moja ya baridi nilikuwa zamu langoni. Mwanafunzi aliyefika kwa bodaboda alipimwa, kifaa kikaonyesha nyuzi 33. Wenzake wakamcheka wakisema ni maiti. Baada ya kukaa darasani nusu saa alipimwa tena, kikaonyesha 36. Mtoto alikuwa yuleyule. Ngozi yake ndiyo iliyopata joto.

Kisa hicho ndicho msingi wa maoni yangu. Kamera ya joto ina manufaa hospitalini, lakini ni kosa kuiachia uamuzi wa mwisho kuhusu ugonjwa.

Kwanza, tuelewe inavyofanya kazi. Kila kitu chenye joto hutoa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Miale hiyo iligunduliwa na mwanafalaki William Herschel nchini Uingereza mwaka 1800. Alipitisha mwanga wa jua kwenye prisimu, kisha akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote wa kuonekana. Kipimajoto kikapanda! Kamera ya joto hupokea miale hiyo kutoka kwenye ngozi na kuigeuza kuwa picha ya rangi. Yenyewe haipitishi miale mwilini kama eksrei, kwa hiyo haimdhuru mgonjwa.

Pili, ni lazima tuipe sifa yake. Joto la ngozi hutegemea damu inayopita chini yake. Palipo na maambukizi damu huongezeka na joto hupanda. Palipo na mshipa ulioziba ngozi hupoa. Mfikirie mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisi miguuni. Kiatu kinamkwaruza naye hana habari. Sehemu moja ya mguu ikizidi sehemu hiyohiyo ya mguu wa pili kwa zaidi ya nyuzi 2.2, wataalamu huichukulia kuwa dalili ya hatari, hata kabla kidonda hakijafunguka. Onyo kama hilo laweza kumwokoa asikatwe mguu. Hapo naiunga mkono kwa dhati.

Hata hivyo, matumaini yakizidi huwa hatari. Mwaka 1956 daktari Ray Lawson wa Montreal, Kanada, aliripoti kwamba ngozi iliyo juu ya saratani ya titi huwa na joto zaidi. Wengi walidhani tiba imepata jicho jipya. Lakini si kila saratani hufikisha joto lake kwenye ngozi, na si kila joto ni saratani. Jipu nalo hutoa joto. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara kadhaa, ukiwemo mwaka 2011, kwamba picha za joto zisichukue nafasi ya mamografia.

Wapo watakaosema mashine za mamografia ni chache na ghali, hivyo heri kidogo kuliko kukosa kabisa. Mimi sikubaliani nao. Jibu la uongo ni baya kuliko kukosa jibu, kwa kuwa asiye na jibu huendelea kutafuta. Mama aliyeambiwa kuwa picha yake ni safi hurudi nyumbani kupika, na uvimbe wake ukazidi kukua.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu huleta mvua, wala kwamba anga jeupe asubuhi ni ahadi ya jua hadi jioni. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu kamera hii katika mtihani, usiandike kwamba "huona ugonjwa". Andika kwamba hupima joto la uso wa ngozi, na daktari ndiye hutafuta sababu. Na shangazi yako akikuambia amegusa kivimbe kwenye titi lakini picha ya joto haikuonyesha kitu, usinyamaze. Mwambie aende hospitalini, tena mapema.