Papa potwe wa Mafia: wavu na watalii katika maji yale yale
Kila mwaka kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, boti hutoka Kilindoni kumtafuta papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wazamiaji wa mitungi huenda zaidi Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kwa potwe hakuna haja ya mtungi. Miwani ya maji na mrija vinatosha, maana hula juu juu.

Na anachokula ndicho chanzo cha mvutano: uduvi. Dagaa nao hufuata uduvi, wavuvi hufuata dagaa. Wavu ukizungushwa, mara nyingine potwe yumo, na maji hayo ya Kilindoni yako nje ya mpaka wa hifadhi. Kumtoa mzima ni kuushusha wavu, au kuukata, dagaa waende zao.

Watalii tunawaambia wasimguse, sawa kabisa. Lakini mtalii amelipa boti, si wavu. Dagaa waliomwagika wanafidiwa na nani? Tungependa hilo lijibiwe kabla boti hazijaongezwa msimu ujao.